Bonde la Mlalo na Njia Zake

Msomaji wa tarikhi ya pwani yetu amezoea kuongozwa na mawe. Akienda Kilwa Kisiwani huona kuta za msikiti mkuu. Akienda Tongoni, mwendo mfupi kusini ya Tanga, huona makaburi yenye nguzo. Akienda Gedi huona mji mzima uliomezwa na msitu. Na kila jiwe humpa mahali pa kuanzia habari yake. Lakini mtu huyo huyo akiipa bahari mgongo, akapanda milima ya Usambara mpaka bonde la Mlalo, atastaajabu kuona kwamba katika nchi iliyokuwa na wafalme wa nyumba moja, ya Wakilindi, kwa zaidi ya karne moja na nusu, wafalme ambao amri yao ilipata kusikika mpaka karibu na ufuko wa bahari, hakuna ngome wala gofu la kuonyeshwa kwa kidole. Washambaa walijenga kwa miti, udongo na nyasi, vitu ambavyo mvua ya mlimani huvirudisha ardhini baada ya miaka michache; na walichowaachia vizazi vyao, ambacho hakuna mvua iliyoweza kukifuta, ni njia. Muradi wangu katika makala haya ni kuisoma tarikhi ya bonde hilo katika njia zake: nani alizipita, alibeba nini, na nani aliketi mdomoni mwa njia akapokea haki ya mpitaji, maana naamini kwamba ugomvi mwingi uliotokea katika milima hiyo, tangu enzi ya Wakilindi mpaka enzi ya Wajerumani, ulikuwa ugomvi wa kuzigeuza njia zielekee mahali fulani na kupaacha mahali pengine.

Njia ya leo ya kuingia Mlalo huanza Mombo, katika joto la nyika, ikapanda kwa kujizungusha kandokando ya magenge kupitia Soni mpaka Lushoto, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Kisha hupita msitu wa Magamba, ambao vilele vyake vinazidi mita 2,200, ikafika Lukozi penye soko la mboga, na kutoka hapo ikaanza kuteremka kwa upande wa kaskazini. Ndipo bonde linapofunguka. Si ufa mwembamba kati ya milima miwili, kama wageni wengi wanavyotazamia, bali ni bakuli pana lenye kingo za vilima pande zote, na kila ubavu wa kilima umelimwa mpaka juu, na katikati ya mashamba yamesimama majumba ya matofali ya udongo, mengine ya ghorofa yenye roshani za mbao zilizochongwa, ambayo mtu hakutarajia kuyakuta mbali namna ile na mji. Mto Umba hukusanya maji yake katika bonde hilo na katika misitu ya Shagayu iliyo jirani, ukashuka milimani, ukavuka nyika kavu, ukaifikia bahari karibu na Vanga, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Hata maji ya Mlalo yana njia yake ya pwani, tena ya zamani kuliko zote.

Katika zama za kale Washambaa hawakuyajaza maskani yao katikati ya milima. Aghalabu vijiji vilikaa karibu na ukingo, pale mlima unapokatika, ili mtu apate kulima migomba yake palipo na ubaridi na mvua, na siku hiyo hiyo ateremke kulitazama shamba jingine nyikani, panapoiva mazao mengine kwa majira mengine. Basi mvua ikikosekana chini, juu palibaki ndizi, na ubaridi ukichelewesha mavuno juu, chini palikuwa na cha kuvuna. Tadbiri hiyo ya kilimo ndiyo iliyokata njia za kwanza, nazo ni zile ambazo mpaka leo huwatoa jasho wageni, kwa sababu hazizunguki wala hazibembelezi, bali hupanda moja kwa moja, kwa kuwa zilikatwa na miguu ya watu wenye mzigo kichwani na haja ya kufika kabla ya jua kuchwa. Juu zaidi, katika malisho yaliyopakana na misitu ya ubaridi, walikaa Wambugu na ng'ombe wao, watu ambao lugha yao ya Kima'a, iliyo na maneno mengi ya Kikushi ndani ya sarufi ya Kibantu, imewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu; na baina ya mfugaji wa juu na mkulima wa chini palikuwa na njia nyingine, ya kubadilishana mifugo na mazao. Kwa hiyo kabla hajaja mfalme yeyote nchi hii ilikuwa na njia zake, na njia hizo zilipanda na kushuka kuliko zilivyokwenda kando.

Habari za kuja kwa ufalme tunazo kwa Kiswahili, na katika Kiswahili kizuri mno. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, mtu aliyeishi karibu na watawala wa Usambara na kuyajua mambo ya nyumba yao kwa ndani, aliziandika katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa kwa mafungu na wamisionari wa Magila, na kutolewa tena mwaka 1962; na kwangu mimi ajizi ya kutokisoma kitabu hicho kabla ya kupanda Usambara ni hasara ambayo hakuna kiongozi wa safari awezaye kuifidia. Humo twasoma habari za Mbegha, mwindaji wa Nguu, ambaye ndugu zake walimnyima urithi kwa hoja ya kuwa alizaliwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, na aliyeondoka kwao na mbwa zake akiwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, akawagawia nyama wenyeji wa milimani, nao wakamlipa ndizi na vyakula vya shambani, mpaka wakamwona kuwa ni mtu wa kuwaamulia magomvi yao, na mwisho wakampa wake na nchi. Alimwua simba pia, na jina la simba likabaki kuwa sifa ya wafalme wa ukoo wake. Wanatarikhi huuweka ujio wake katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na nane.

Mimi husoma katika hekaya hiyo jambo moja ambalo halikusemwa wazi. Mkulima alizijua njia zake mbili tatu, ya kwenda shambani na ya kwenda mtoni, na ya kwenda kuoa. Mwindaji alizijua zote. Mtu aliyeweza kutoka Nguu akapita nyikani, akaingia Bumbuli, akaja Vugha bila kupotea, na aliyekuwa na nyama ya kumkirimu kila amkutaye, alikuwa amekwisha kuunganisha kwa miguu yake vijiji ambavyo kabla yake havikuwa na sababu ya kutii neno moja. Dola ya Wakilindi ilianza kwa mtu aendaye, ingawa baadaye ilikuwa dola ya mtu aketiye.

Maana aliketi Vugha. Mji huo, ulio upande wa kusini wa milima, ndio uliokuwa makao ya mfalme, na katika enzi ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kwa miaka mingi mpaka kufa kwake mwaka 1862, kila njia yenye maana iliishia hapo. Kimweri aliwaweka wanawe kuwa wazumbe, yaani watawala wake, katika nchi zote, Mlalo ikiwa mojawapo, na kutoka kila upande zilipanda pembe za ndovu, mbuzi, ng'ombe na vyakula, zikapita mikononi mwa wazumbe hao na kufika kwa mfalme, ambaye mbele yake alisimama Mlughu, waziri mkuu wake, ambaye hakuwa Mkilindi. Kwa kodi hiyo watu walitazamia jambo kubwa. Mfalme alikuwa na hirizi na dawa za mvua, na ilisadikiwa kwamba mfalme mwenye nguvu isiyo na mpinzani huiponya nchi, na wafalme wawili wakishindana nchi hudhurika, mvua ikakataa na njaa ikaingia. Tuikumbuke itikadi hiyo, kwa sababu miaka mia baadaye itarudi Mlalo kwa namna ambayo hakuna afisa wa serikali aliyeitarajia.

Wazungu wa kwanza kumwona Kimweri walikuja kwa njia za biashara ya pwani. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Rabai ambaye sisi wapenda Kiswahili tunamkumbuka kwa kamusi na sarufi yake, alitoka Mombasa mwaka 1848 akafika kwa mfalme kwa nchi kavu, na mwaka 1852 akarudi tena kwa njia ya Pangani. Na Richard Burton pamoja na John Hanning Speke walipanda kutoka Pangani mwezi wa Februari 1857, wakapita Chogwe na Tongwe, penye askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Unguja, wakamkuta Kimweri mzee, mgonjwa, akitaka kwao dawa ya kumrudishia afya. Hao askari wa Kibaluchi ni wa kutazamwa kuliko wageni wenyewe. Mfalme wa mlimani na Sultani wa Unguja wote wawili walidai haki juu ya nchi ya chini, na njia ya Pangani, iliyofuata mto kwenda Kilimanjaro chini ya ukuta wa Usambara, ilikuwa imeanza kujaa misafara ya pembe, bunduki na watumwa, wala haikuhitaji kupanda Vugha.

Aliyelifahamu jambo hilo mapema kuliko wote alikuwa Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, na mji wake ulikuwa Mazinde. Mgeni anayesimama leo kwenye jabali la Irente, karibu na Lushoto, akatupa macho chini kiasi cha mita elfu moja, anaiona Mazinde pale pale kwenye uwanda, pamoja na mashamba ya katani. Na kama anaijua tarikhi, basi mandhari hiyo ambayo wengi huja kuipiga picha tu itamweleza kwa mara moja kwa nini ufalme ulivunjika. Kimweri alipokufa alimrithi mjukuu wake Shekulwavu, naye akaketi Vugha kama desturi ilivyotaka, na njia zote za kodi zikaendelea kupanda. Illa kodi ilikuwa imepungua thamani mbele ya kile kilichokuwa kikipita chini. Semboja alivaa nguo za pwani, alifanya ushirika na wafanyabiashara wa pwani, alikusanya bunduki na watu wa makabila mengine waliokuwa tayari kupigana kwa ujira, na mwishoni mwa miaka ya 1860 akamtoa mpwa wake Vugha kwa nguvu. Na baada ya kuishinda Vugha hakukaa Vugha! Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, juu mlimani katika kiti cha wafalme, na yeye mwenyewe akabaki Mazinde, mdomoni mwa njia, anakoona kila msafara ukija na kila msafara ukienda.

Sidhani kama katika tarikhi ya nchi yetu kuna mfano ulio dhahiri kuliko huo wa mtu aliyepewa kiti cha enzi akakiona kuwa mbali mno na mahali pa kutawala. Kwa milima yenyewe ulikuwa msiba. Wabondei waliasi katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la Kiva, wakawaua na kuwafukuza Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Wazumbe wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Na kwa kuwa mateka wa vita walikuwa na bei Pangani, vita vilijilipa, na kila ugomvi mdogo uliongezewa tamaa. Njia zile za kushukia shambani nyikani, ambazo wazee walizikata kwa ajili ya chakula, zikawa za kukamatiwa watu. Vijiji vya ukingoni vilipata hofu, na watu wengi walijivuta kwenye vilima vigumu kufikiwa. Katika mwisho wa hali hiyo, mwaka 1888, Hans Meyer na Oscar Baumann walikuwa wamekuja kuzipima njia za Usambara na kuzichora, wakakutana na vita vya watu wa pwani na Wajerumani, wakatekwa na watu wa Abushiri bin Salim, na wakakombolewa kwa fedha. Baumann hata hivyo alipata kuchapisha kitabu kizima juu ya Usambara mwaka 1891.

Mwaka huo huo wa 1891 ulifanyika Mlalo uamuzi mdogo wenye taathira kubwa. Wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Ujerumani, Ernst Johannsen na Paul Wohlrab, walipofika Usambara hawakuweka maskani yao Vugha wala Mazinde, bali waliingia katika bonde hili la kaskazini, wakapata ardhi, wakajenga, na kituo chao wakakiita Hohenfriedeberg. Kutoka hapo ilitokea njia ambayo hakuna Mkilindi aliyeiwazia, maana mwaka 1907 Johannsen alikwenda kuanzisha kazi ya misioni Rwanda, na Wakristo wa Kishambaa walikuwa miongoni mwa waliofuatana naye. Watu wa bonde ambalo kwa ramani huonekana limefichwa nyuma ya milima walikuwa wakifundisha dini katika vilima vya Rwanda kabla ya reli ya Tanga haijafika Moshi.

Dola ya Kijerumani yenyewe ilianza kwa kuweka boma karibu na Mazinde, kwa sababu ile ile iliyomweka Semboja hapo. Kisha mwaka 1898 utawala ulihamia juu, mahali walipopaita Wilhelmstal kwa jina la Kaizari wao, ambapo ndipo Lushoto. Mputa, aliyerithi kiti cha Vugha baada ya Kimweri Maguvu, walimnyonga mwaka 1895, na toka hapo hakuna tena mfalme wa Vugha aliyetawala kwa mamlaka yake mwenyewe. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikisonga polepole katika uwanda ule ule wa misafara, na kwa kila kituo kilichofunguliwa njia moja ya mlimani ilipata mwelekeo mpya. Shume, katika misitu ya mitarakwa, palijengwa njia ya kamba za chuma ya kuteremshia mbao angani, kutoka juu ya genge mpaka kituo cha reli cha Mkumbara, kazi ya uhandisi iliyokuwa ya ajabu kwa zama zake. Nayo ilishusha katika muda mfupi miti iliyochukua mamia ya miaka kukua.

Na njia za watu? Hizo sasa zilielekezwa kwenye mashamba ya walowezi. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal iliwekwa amri ya kadi: kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliowekwa, na asiyetimiza alichukuliwa kwa kazi za serikali. Nimetaja habari za reli na kamba za chuma, ambazo wageni huzisifia. Lakini ni haki kusema kwamba karatasi ile ndogo ndiyo iliyobadili mwendo wa nchi kuliko chuma chote, kwa kuwa ilimtoa mtu shambani kwake katika majira ambayo mvua haimngoji.

Katika mwezi wa Juni 1916 Waingereza waliingia Wilhelmstal, na vita vikapita kwenda kusini. Lushoto ikawa tena Lushoto. Magavana wa Kiingereza waliifanya mahali pao pa kupumzika na joto la Dar es Salaam. Na Mlalo, iliyo mbali na barabara kuu, ilidhaniwa kuwa imetulia. Haikuwa imetulia, bali ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wengi, nyika haikulimwa kama zamani, misitu ya juu ilikuwa imefungwa kwa amri ya serikali, na kila ubavu uliobaki ulilimwa mfululizo bila kupumzishwa; basi mvua zilipokuja kwa nguvu ziliukokota udongo mwekundu mpaka mtoni, na Umba ikabeba mashamba ya watu kwenda Vanga. Hapo ugomvi ukatoka katika njia, ukaingia katika udongo wenyewe.

Serikali ya Waingereza ililichagua bonde la Mlalo mwaka 1946 kuwa mahali pa kujaribia mpango wa kuihifadhi ardhi, na baada ya miaka michache mpango huo ukatandazwa kwa nchi nzima ya Usambara. Amri yake ilikuwa matuta: kila mwenye shamba alilazimika kila mwaka kulima sehemu fulani ya shamba lake kwa matuta yaliyofungwa kwa matuta mengine ya kuyakata, ili maji yakwame yasikimbie, na aliyekataa alishtakiwa katika baraza la zumbe akatozwa faini. Juu ya karatasi hoja ilikuwa njema, wala sitaki kuwadhulumu maafisa wale kwa kusema kwamba walibuni adui asiyekuwapo, kwa kuwa mmomonyoko ulikuwapo. Ila kazi yenyewe, katika mbavu zenye mwinuko ule, ilikuwa ya kuvunja mgongo. Iliwaangukia zaidi wanawake, ambao ndio waliokuwa wakilima chakula cha kila siku huku waume wengi wamekwenda kutafuta ujira katika mashamba ya katani. Na mwisho wa mwaka mavuno hayakuwaonyesha faida waliyoahidiwa. Fauka ya hayo, ardhi ya Usambara ilikuwa imefungamana kwa mikopo ya jamaa kwa jamaa, mwenye nyingi akimwazima asiye na kitu kipande cha kulima, na watu walihofu kwamba jasho la matuta lingebadili haki za umiliki, aliyeazima akadai kuwa ni mwenyewe, na mwenyewe akamnyang'anya aliyeazima.

Katika miaka ya 1950 wanawake waliingia njiani. Walikwenda kwa makundi kuwaambia wakubwa kwamba matuta hayatakiwi, na katika malalamiko yao mlirudi ile itikadi ya kale niliyoomba tuikumbuke: mvua ilipokataa walisema kwamba nchi imedhuriwa, na kwamba aliyeidhuru ni mfalme, ambaye badala ya kuiponya nchi kama wazee wake alikuwa ameshika upande wa serikali. Sheria ya ukoloni ilimtaka mfalme awe mtumishi wake. Watu walimhesabu bado kwa mizani ya mvua. Na mtu mmoja hakuweza kuzitosheleza hesabu zote mbili. Chama cha TANU, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilikuta Usambara moto umekwisha kuwashwa. Kabla ya mwaka 1960 serikali iliuacha mpango huo wa matuta, na mwanzoni mwa mwaka 1963, nchi ikiwa imekwisha pata uhuru, utawala wa machifu ulifutwa katika Tanganyika yote, na enzi ya Wakilindi ikakoma kwa sheria.

Nikitembea Mlalo sizioni alama za matuta yale. Nionayo ni mistari ya majani marefu ya guatemala, iliyopandwa kukata mteremko kwa upana, kazi iliyoenezwa tangu miaka ya 1980 kwa mradi wa kuzuia mmomonyoko ulioshirikisha Tanzania na Ujerumani. Na mwenyeji akiulizwa kwa nini ameyapanda hataji udongo kwanza, hutaja ng'ombe wake wa maziwa aliyefungwa bandani, anayekula majani hayo. Jambo lile lile lililokataliwa kwa faini limekubaliwa kwa lita za maziwa, na udongo haujali nia ya aliyeuzuia. Chini, kandokando ya maji, mna mifereji ya zamani na mabwawa madogo ya kuyakusanyia maji ya usiku, nayo hunywesha kabichi, karoti, viazi na nyanya ziendazo mpaka Dar es Salaam; na msimu wa matunda bonde huwa na mapeasi, mafyulisi na plamsi, uzao wa miche iliyoletwa na wageni ambao wenyewe wamekwisha sahauliwa.

Anayetaka kuyaona haya kwa miguu, na sijui namna nyingine ifaayo, ana wasaa wa kuchagua. Safari iliyozoeleka, ya siku tatu au nne, hutoka Lushoto ikapita msitu wa Magamba mpaka Lukozi, ikaenda Rangwi penye nyumba ya masista wa Kikatoliki ambao huwapokea wasafiri, ikafuata ukingo wa magharibi mpaka Mtae, kijiji kilichojengwa juu ya ulimi wa mwamba unaotazama nyika pande mbili, ambako siku ya uwazi mtu huona mbuga ya Mkomazi, milima ya Taita, na Kilimanjaro kwa mbali. Mlalo huachwa kando na wengi, kwa sababu haina jabali la kupigia picha. Nawasihi wasiiache. Waingie bondeni, walale, waamkie sokoni, waende wakalitazame kanisa la wamisionari. Kisha wapande Mtae kwa njia za wenyeji, na kutoka huko wateremke kwenda Mnazi kwenye uwanda, kama walivyokuwa wakiteremka wakulima wa kale, wapate kujua kwa magoti yao tofauti ya mlima na nyika ilikuwa na maana gani kwa watu walioishi kwa zote mbili. Kiongozi awe mwenyeji, si kwa sababu ya kupotea tu. Tangu utalii wa utamaduni ulipoanza kupangwa Lushoto katika miaka ya 1990, ujira wa viongozi hao ni pato halali la vijana ambao bila hilo wangeshuka mjini, na wengi wao wana babu na bibi wanaozijua habari kuliko kitabu chochote.

Na hapa nina ombi kwa walimu wa Mlalo, Lukozi na Mtae, na kwa kila mwenye mamlaka juu ya mambo ya kale katika mkoa wa Tanga. Barabara za magari zimefika mbali, bodaboda zimefika mbali zaidi, na njia za miguu ambazo haziendi shambani wala shuleni zinalimwa mwaka hata mwaka, mpaka mengi ya mapito ya Vugha yamekuwa viraka vya mahindi. Wapo bado wazee ambao katika utoto wao walisikia kwa waliokwenda Vugha na kodi, na akina mama waliokuwa njiani siku za matuta, au binti zao. Wanajua msafara ulipumzika chini ya mti gani, maji yalinywewa wapi, na ni wapi palipopitwa kwa kunyamaza kwa heshima ya makaburi. Watoto wa shule wakipewa daftari na kupelekwa kwa wazee hao, kisha wakazitembea njia hizo pamoja nao na kuzichora katika ramani kwa majina yake ya Kishambaa, kazi hiyo yaweza kumalizika katika likizo chache, wala haihitaji fedha nyingi. Inahitaji ianzwe kabla ya wazee hao hawajatutoka.